Jogoo anawika saa 9 usiku: dalili, sababu na marekebisho

Malalamiko kuhusu jogoo wa mtaani yanafanana, yawe yametoka Najjera, Kyaliwajjala, Makindye au Bwebajja, hapa Kampala na viunga vyake nchini Uganda. Anaanza usiku wa manane. Anawika mchana kutwa. Alikuwa mtulivu miezi mitatu, kisha ghafla akaharibika. Ametengenezewa sanduku la giza na bado mtaa mzima unamsikia. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo. Chini ya kila dalili, sababu inayopatikana mara nyingi imetangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu uko kabla ya ule wa kununua mbao.

Lieleweke mapema: jogoo mzima hanyamazishwi. Unachoweza ni kuchelewesha saa yake ya kuanza, kumwondolea vichochezi, na kupunguza nguvu ya sauti inayofika dirishani kwa jirani. Anayekuuzia dawa ya maji ya kumtia ububu anakula pesa yako.

Kabla ya kumwita fundi

Washa kinasa sauti cha simu saa 4 usiku, uiache kwenye chaja karibu na dirisha linalotazama banda. Asubuhi fungua rekodi utazame mchoro wa sauti: kila anapowika panaonekana jino refu lililochongoka. Rudi nyuma nusu dakika kabla ya kila jino, usikilize kilichotangulia. Ni geti? Bodaboda? Mbwa? Spika ya mkesha? Jogoo mwingine kule ng'ambo ya bonde? Andika saa, idadi, na kilichotangulia. Fanya hivyo siku tatu mfululizo. Wengi huruka hatua hii, wanajenga sanduku la plaiwudi kwa gharama, kumbe kisa kilikuwa taa ya ukutani.

Pima pia umbali kwa hatua, kutoka bandani hadi dirisha la chumba cha kulala cha kila jirani. Jogoo akiwika, sauti yake inazidi desibeli 100 ukiwa mita 1 kutoka kwake. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kama desibeli 6. Kwa hiyo aliye mita 4 kutoka dirishani anasikika kwa takriban desibeli 88, na aliye mita 16 kwa takriban 76. Tofauti hiyo ya 12 inasikika wazi, ila kiwanja cha kawaida cha futi 50 kwa 100 ni mita 15 kwa 30 tu. Ukimkimbiza jogoo kutoka kwa jirani wa kushoto umempelekea wa kulia. Ndiyo maana kuhamisha banda peke yake ni nadra kumaliza kesi.

Dalili: anaanza kuwika kati ya saa 8 na saa 11 usiku

Hii ndiyo inayoleta ugomvi, na ndiyo yenye sababu nyingi.

*Taa.* Anza hapa. Simama mlangoni mwa banda saa 5 usiku, taa zote za nyumba zikiwa kama mnavyolala. Ukiweza kuona mistari ya kiganja chako, jogoo anaona vya kutosha. Wahusika ni walewale: taa ya ulinzi kwenye kona ya nyumba, taa ya sola inayojiwasha paka akipita, taa ya geti la jirani, na mwanga wa bodaboda zinazokata kona. Ile inayojiwasha na kujizima ndiyo mbaya zaidi, maana kila ikiwaka jogoo anaipokea kama alfajiri. Kuku hapokei mwanga kwa macho tu. Ubongo wake unauhisi hata kupitia fuvu, hivyo kufumba macho hakumsaidii.

Geuza taa itazame chini, au ifunike upande wa banda kwa kipande cha bati. Ikishindikana, ning'iniza turubali nene au gunia mara mbili upande wa banda unaopigwa na mwanga, ukiacha upande wa pili wazi kwa hewa. Subiri siku tatu kabla ya kugusa kitu kingine. Ukibadilisha mambo manne kwa mpigo hutajua lipi limefanya kazi.

*Jogoo mwingine.* Rekodi ikionyesha sauti ya mbali inatangulia na wako anajibu, taa haina hatia. Wa mbali humwezi. Wako unaweza kumpunguzia kusikia kwa kumhamishia kwenye chumba chenye kuta za tofali usiku: stoo, choo cha zamani kisichotumika, gereji. Ukuta wa tofali uliopigwa plasta unazuia sauti kuingia na kutoka kuliko mabati, ambayo yenyewe hutetemeka yakaongeza kelele.

*Saa ya mwilini.* Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika, bado anawika kwa mzunguko wa karibu saa 24. Hangoji kuliona jua. Mwili wake unajua linakuja. Waswahili hawakuhitaji maabara kwa hilo, kwani "jogoo la kwanza" na "jogoo la pili" vilikuwa vipimo vya saa kabla ya simu. Maana yake kwako ni kwamba giza la usiku mmoja halitoshi. Saa hiyo inasogezwa kwa kumcheleweshea mwanga kila siku, bila kuruka, kwa wiki moja hadi mbili.

Hapa Uganda tuna bahati. Tuko kwenye ikweta, na Kampala jua linachomoza kati ya saa 12 na nusu hivi na saa 1 kasoro mwaka mzima. Ukishachagua saa ya kumfungulia, tuseme saa 1 na nusu, huna haja ya kuibadilisha Juni wala Desemba. Kinachoharibu ni siku ile moja mtoto wa shule anapomfungulia saa 11 na nusu akienda kupanda basi.

*Kelele za mtaa.* Adhana ya alfajiri, mkesha wa maombi, lori la mchanga. Hizi humwamsha, lakini hasa zikikaribia saa ambayo mwili wake tayari umejiandaa. Akijibu adhana, huenda angewika dakika 10 baadaye hata msikiti usingekuwepo. Usipoteze nguvu hapa.

Sanduku la usiku: vipimo vinavyofanya kazi

Ukishashughulikia taa na bado anawika kabla ya saa 12, sanduku ndilo dawa ya pili. Linafanya mambo mawili: giza, na dari fupi. Ili atoe kokoriko kamili, jogoo lazima asimame wima, anyooshe shingo juu na mbele. Dari ikimzuia kunyoosha, sauti inatoka fupi na dhaifu.

Kwa jogoo mmoja:

- Sakafu ya sentimita 50 kwa 50. Akiwa Kuroiler mkubwa au Sasso (aina za kuku chotara wenye mwili mkubwa), 60 kwa 60. Ageuke bila kukunja mkia.
- Kimo: mpime kwa kamba akiwa amesimama kawaida, kutoka unyayo hadi ncha ya kilemba. Ongeza vidole viwili, basi. Usikadirie kwa macho. Wa kienyeji na Kuroiler wanapishana sana.
- Plaiwudi ya milimita 12 au mbao nzito. Maboksi ya karatasi na plastiki nyembamba hazizuii kitu.
- Matundu 10 ya milimita 25 chini upande mmoja, na mengine 10 juu upande wa pili, ili hewa ya moto ipande itoke. Mbele ya kila safu pigilia ubao ulioachana na ukuta sentimita 3, hewa ipite mwanga uzuiwe. Paka rangi nyeusi nyuma ya ubao huo.
- Juu, kwa ndani, ning'iniza gunia lililokunjwa lisiguse kichwa chake, asijichane kilemba akirusha shingo. Gunia hilo lihesabu kwenye kimo.
- Chini, maganda ya kahawa au maranda, unene wa sentimita 5. Usiweke kipandio, kinamwinua akagonga dari.

Kabla hajalala humo, fanya jaribio hili saa 7 mchana: weka simu ndani ikiwa inarekodi video, funga mlango, subiri dakika moja. Itazame video. Penye nyota au mstari mweupe ndipo pa kuziba. Bawaba za mlango ndizo zinazovuja zaidi.

Mtie ndani kama saa 2 usiku, akiwa ameshalala na analegea mikononi. Mtoe saa 1 na nusu, au saa 2 ukichelewa sana. Jumla isizidi saa 12 kwa siku. Maji na chakula vimngoje nje.

Onyo. Sanduku ni la usiku tu, na likae kivulini. Likipigwa na jua la saa 3 chini ya bati, linakuwa oveni. Ukimkuta anahema kwa mdomo wazi, mabawa ameyaachanisha na mwili, au kuta za ndani zina majimaji na harufu ya mkojo inachoma macho, hewa haitoshi. Usimrudishe humo hadi umeongeza matundu. Ukienda safari na hakuna wa kumfungulia kwa saa iliyopangwa, mwache alale bandani. Heri jirani akasirike siku mbili.

Dalili: sanduku lipo, na bado anasikika

Sababu ya kwanza ni kwamba siku bado hazijatimia. Wiki ya kwanza atawika humohumo ndani. Sikiliza ukali, usihesabu mara. Ya pili ni dari ndefu. Mwenye sanduku aliongeza vidole vinne kwa huruma, naye jogoo akapata pa kunyoosha. Ya tatu ni matundu ya sanduku kutazama ukuta wa ua. Sauti hutoka kupitia matundu, inagonga ukuta wa tofali, inarudi kwa jirani kama imetoka kwenye bomba. Geuza matundu yatazame migomba, ua wa majani au stoo yako mwenyewe. Migomba haizuii sauti sana, lakini hairudishi.

Kisha kuna trei za mayai. Watu huzipigilia ndani ya banda wakiamini zinameza sauti. Hazizuii sauti kupita ukutani; hupunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, basi. Zinashika vumbi, zinaficha utitiri, zinalowa, na cheche moja ya umeme inatosha kuziwasha. Zing'oe. Kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta na kutokuwa na mwanya. Ukitaka kuongeza, weka sanduku ndani ya chumba cha tofali, au lizungushie ukuta wa pili wa mbao ulioachana na wa kwanza sentimita 5, ukihakikisha matundu ya hewa hayazibwi.

Dalili: anawika mchana kutwa

Anza na macho yake. Chuchumaa hadi kimo chake na utazame anachokiona. Mara nyingi ni jogoo wa jirani kupitia uzio wa senyenge. Au ni yeye mwenyewe: kioo cha gari, dirisha linalong'aa, sufuria mpya iliyoanikwa. Ziba urefu wa mita 1 kutoka chini kwa mabati ya zamani, matete au turubali. Majogoo wanaosikiana tu hushindana kidogo. Wanaoonana hushindana hadi jioni.

Halafu hesabu mitetea. Jogoo mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10. Mwenye mitetea 2 anazunguka akitangaza eneo lake siku nzima, na juu ya hayo anawachubua mgongo.

Chunguza pia saa ya chakula. Akiwika kila unapotokea mlangoni na ukamrushia mahindi, umemfundisha. Badilisha: mpe chakula anaponyamaza, saa zilezile kila siku, mara 2 tu. Inachukua kama wiki 2 kusahau.

Wa miezi 5 hadi 7 ana sababu yake mwenyewe, ujana. Sauti bado inakwaruza na anaijaribu kila saa. Mvumilie miezi 2 kabla ya kuamua lolote kubwa, ila mlaze kwenye sanduku tangu sasa ili azoee.

Dalili: alikuwa mtulivu, ameanza ghafla

Kitu kimebadilika ndani ya wiki hiyo. Jiulize kwa mpangilio huu: taa mpya (yako au ya mpangaji aliyehamia), jogoo mpya mtaani, banda kuhamishwa, mnyama anayewanyemelea, utitiri.

Mnyama utamtambua kwa aina ya kelele za jogoo. Kuwika ni wimbo mmoja mrefu wenye mwisho. Sauti ya tahadhari ni milio mifupi inayorudiwa haraka, na mitetea nayo inaitikia. Ukisikia hiyo usiku, toka na tochi. Tafuta alama za kuchimba chini ya banda, manyoya, kinyesi. Nguchiro, paka, panya wakubwa na mbwa wa mtaani ndio wageni wa kawaida. Nyoka huingia penye upana wa kidole gumba. Waya wa kuku unamzuia kuku asitoke, lakini mbwa anauchana. Chini weka waya mgumu wenye matundu ya sentimita 1.3, na uufukie sentimita 30. Usitie mkono kwenye kona yenye giza, wala chini ya mbao, bila tochi na fimbo. Ukimwona nyoka, ondoka na uite mtu anayewajua. Na inapokaribia Krismasi na Idd, mnyama huyo anaweza kuwa na miguu miwili: kagua komeo.

Utitiri mwekundu ndio watu wanausahau. Mchana hujificha kwenye nyufa za kipandio, usiku hutoka kunyonya damu, na kuku halali. Saa 3 usiku chukua kitambaa cheupe, ukisugue chini ya kipandio mwendo mmoja wa mkono. Ukiona michirizi myekundu kama umefuta damu, umepata jibu. Toa matandiko yote uyachome mbali na nyumba, mwagia maji yanayochemka kwenye vipandio na nyufa, yakauke juani, kisha tumia dawa ya utitiri kutoka duka la dawa za mifugo kwa kipimo cha kwenye lebo. Rudia baada ya siku 7, kwa sababu mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Dawa ya kunyunyizia nyanya au ng'ombe usiimwagie kuku. Na uliza siku za kusubiri kabla ya kula mayai.

Dalili: sauti imekwaruza, au amenyamaza kabisa

Usishangilie. Jogoo mtu mzima anayenyamaza kwa siku 2 anaumwa, ameumia, au ameshindwa vita na jogoo mwingine. Angalia kilemba: chekundu ni afya, cheusi au zambarau ni hatari. Sikiliza kifua chake karibu na sikio lako, kama kuna mkoromo au mluzi. Tazama kinyesi, pua, macho.

Akiwa na makamasi na uso umevimba, inawezekana ni mafua ya kuku au ugonjwa mwingine wa njia ya hewa. Akiharisha kijani, akapinda shingo, au wengine wakaanza kufa, fikiria mdondo, yaani Newcastle.

Simama hapa. Mwite daktari wa mifugo wa tarafa au manispaa yako siku hiyohiyo. Usimuuze, usimchinje umgawie jirani, usimsafirishe. Vifo vya ghafla vya kuku kadhaa, hasa kwa walio karibu na ziwa, viripotiwe bila kungoja: mwaka 2017 mafua makali ya ndege yalithibitishwa kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Entebbe. Mizoga usiishike mikono mitupu.

Dalili: majogoo ni wawili au zaidi, na kila mmoja anamwitikia mwenzake

Hapa watu hukosea kwa namna moja: wanamuuza mwenye sauti kubwa, wanategemea amani. Watafiti walewale wa Nagoya walionyesha mwaka 2015 kwamba jogoo mwenye cheo cha juu ndiye anayeanza alfajiri, na wengine wanafuata kwa kufuata vyeo. Akiondolewa, wa pili anashika zamu. Kesho asubuhi una kokoriko ileile kutoka koo jingine.

Kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100, baki na mmoja. Kama unawanenepesha kwa ajili ya kuuza, watenge mbali na mitetea wasiione kabisa. Majogoo wasio na mitetea mara nyingi hushindana kidogo kuliko wenye mitetea mbele yao. Uwauze wakiwa na miezi 4 hadi 5, kabla koo halijakomaa. Na kama unafuga kwa ajili ya mayai ya kula, huhitaji hata mmoja. Mtetea hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika kwa vifaranga tu. Bado kuna wanaolumbana na mtaa mzima miaka 2 kwa kutojua hilo.

Dalili: mtetea anawika

Mara nyingi si mtetea. Uliuziwa jogoo mchanga ukiambiwa ni tembe, yaani jike ambaye hajaanza kutaga. Tazama manyoya ya shingo na ya kiunoni karibu na mkia: ya jogoo ni membamba na yamechongoka, ya tembe yameviringika ncha. Akiwa mtetea kweli, aliyewahi kutaga, huenda ameshika nafasi ya jogoo kwa sababu jogoo hayupo, au kizazi chake kimepata hitilafu. Si kisirani. Sauti yake ni hafifu na haina haja ya sanduku. Akikonda au tumbo likivimba, apelekwe kwa daktari.

Mkanda wa shingoni na njia za kisu

Kuna mkanda wa kitambaa wenye kunata, upana wa sentimita 2 hadi 3, unaovishwa shingoni ili hewa isisukumwe kwa nguvu wakati wa kuwika. Hupunguza sauti kwa wengine, kwa wengine hapana. Tunauweka mwisho kwa makusudi. Kuku hupoa kwa kuhema, na joto la mchana pamoja na mkanda uliobana ni kifo cha kimyakimya nyuma ya nyumba.

Ukiamua: jogoo awe ametimiza miezi 6 na hana mafua. Uvishe asubuhi ya siku ambayo utakuwa nyumbani. Kidole kidogo kipite kati ya mkanda na shingo bila kulazimisha, manyoya yakiwa yametolewa nje. Atarudi kinyumenyume na kutikisa kichwa kwa muda. Hilo ni kawaida. Kilemba kikigeuka zambarau, akianguka, au akihema mdomo wazi, ukate kwa mkasi papo hapo, usihangaike kuufungua. Papasa gole lake (mfuko wa chakula chini ya shingo) jioni na asubuhi: jioni lijae, asubuhi liwe tupu. Likibaki gumu asubuhi, chakula hakipiti, vua. Kagua kila siku, kwa sababu manyoya hukua.

Kumfunga mdomo kwa mpira, kumpa vidonge vya usingizi, kumnywesha waragi (pombe kali): hapana. Mdomo uliofungwa haumruhusu kunywa wala kuhema, na vidonge vinabaki kwenye nyama mtakayokula.

Kuhasi kunawezekana, lakini ni upasuaji wa kupita katikati ya mbavu, hufanywa jogoo akiwa bado mdogo, na ni kazi ya daktari wa mifugo mwenye dawa ya ganzi. Na asitokee mtu akakuahidi kukata kamba za sauti kooni. Kiungo cha sauti cha kuku kimo ndani ya kifua, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafuni, jirani na mishipa mikubwa ya damu. Anayesema atakikata kupitia kooni hajui kilipo.

Jirani ameshakasirika

Nenda kabla hajaja, na uende na tarehe. "Mama Aisha, kuanzia Jumatatu jogoo atalala kwenye sanduku. Nipe wiki mbili. Ukimsikia kabla ya saa 12, nitumie ujumbe na saa yenyewe." Ujumbe wake unakuwa daftari la pili, tena lenye ukweli zaidi, maana wewe ulishamzoea. Zawadi ya trei ya mayai inasaidia, lakini isitangulie maneno.

Kama jogoo ni wa jirani, anza naye mwenyewe, mchana, akiwa ametulia, ukiwa na saa ulizoandika. Mweleze habari ya taa kwanza. Mara nyingi hata hajui kwamba taa yake ndiyo inayomwamsha. Isipofaa ndipo uende kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), na daftari mkononi. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2003 zinahesabu usiku kuanzia saa 4 hadi saa 12 asubuhi, kwa hiyo rekodi za saa hizo ndizo zenye uzito kuliko malalamiko ya mchana. Jiji la Kampala lina sheria zake ndogo za mwaka 2006 kuhusu mifugo mjini. Aliye Kira, Nansana au Entebbe aulize katika manispaa yake, kwani si zilezile. Mpangaji wa mizigo, yaani vyumba vya kupanga, aanze na mwenye nyumba, maana mkataba unaweza kukataza mifugo tangu mlangoni.

Usitege sumu, hata kama hujalala wiki nzima. Inaokotwa na mtoto, mbwa, au kuku watakaotaga mayai yatakayoliwa, na kesi inageuka kuwa yako.

Ukiwa umefanya yote

Jipe wiki 3 tangu siku ya kwanza ya sanduku. Kama daftari bado linaonyesha anawika kwa nguvu kabla ya saa 12, kiwanja ni kidogo kwa huyo jogoo. Mpeleke kwa ndugu kijijini au sokoni Kalerwe au Nakawa. Anayengojewa kwa ajili ya kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba), ili apewe muko, yaani shemeji, alale kwenye sanduku kila usiku hadi siku yenyewe na asiongezewe mwenzake. Usimning'inize miguu juu kwenye usukani wa bodaboda. Mtie kwenye boksi lenye matundu, safiri kabla ya saa 3 asubuhi jua halijakolea, na mwambie ukweli mnunuzi anayekaa kwenye nyumba za kupanga.